Kuyapima Masizi Bila Kuyagusa

Rangi ya manjano ya moto wa koroboi hutokana na masizi. Kabla ya kuganda darini, chembe zake hupita ndani ya mwali zikiwa za moto kiasi cha kung'aa. Mwanasayansi Faraday alilionyesha hilo London, katika mihadhara yake ya Krismasi ya 1860: mshumaa ulipomulikwa kwa taa kali, sehemu ya mwali iliyong'aa zaidi ndiyo iliyotoa kivuli kizito zaidi.

Mwaka 1983 Robert Santoro, Hratch Semerjian na Richard Dobbins walichapisha vipimo vilivyotumia kanuni hiyohiyo. Walichoma gesi ya ethilini ikitoka kwenye bomba la kipenyo cha milimita 11, hewa ikipanda taratibu pande zote ili mwali usiyumbe. Wakauvusha mwonzi wa leza ya kijani. Mwanga uliopungua upande wa pili ulionyesha wingi wa masizi, lakini wa njia nzima iliyopitwa. Ndiyo maana mwonzi hupitishwa mahali pengi, kisha hesabu ikaumenya mwali tabaka kwa tabaka kama kitunguu.

Ukubwa wa chembe ndipo penye ustadi hasa. Kipokezi kingine kilitegwa pembeni, kwa nyuzi 90, kunasa mwanga uliotawanyika. Kwa chembe ndogo, mwanga unaofyonzwa hufuata kipenyo kwa kipeo cha 3, unaotawanywa hukifuata kwa kipeo cha 6. Ukigawanya mwanga mmoja kwa mwingine, idadi ya chembe inajifuta na kipenyo kinabaki. Hesabu hii naipenda mno, ila ilichukulia kwamba kila chembe ni tufe. Hadubini ya elektroni ilionyesha vitufe vya makumi ya nanomita vilivyoshikamana katika minyororo yenye matawi.

Vitufe hivyo vilipatiwa njia yao ya kupimwa. Leza ya mapigo mafupi huyapasha masizi hadi karibu kelvini 4,000, yakang'aa kupita mwali wenyewe, kisha yakapoa. Kitufe kidogo hupoa upesi kuliko kikubwa, kwa hiyo kasi ya kufifia hutaja kipenyo.

Mbinu zote hizi, zikitakiwa kutaja kiasi, zinahitaji kujua masizi hufyonza mwanga kwa kadiri gani. Wengi walitumia thamani moja ya watafiti Dalzell na Sarofim ya 1969 kwa mwali mzima. Masizi machanga yaliyo karibu na mdomo wa bomba yana haidrojeni zaidi na hufyonza kwa udhaifu, basi tarakimu za hapo naziamini kidogo kuliko za katikati ya mwali.