Maji Mepesi, Moto Mzito: Nyumba za Unguja Katika Miezi Mitatu ya Giza

Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulizima Unguja nzima, na haukurudi mpaka Machi 2010. Watu walikuwa wamekwisha kuonja shida hiyo mwaka uliotangulia, pale kisiwa kilipokaa gizani takriban wiki nne, kuanzia Mei 21 hadi Juni 18, 2008. Kisiwa kizima kilikuwa na njia moja tu ya kupata umeme: kebo iliyolazwa chini ya bahari mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Fumba, yenye uwezo wa megawati 45. Njia hiyo ilipoharibika, hakukuwa na nyingine.

Habari za wakati ule zilisema mengi kuhusu hoteli na mafriji. Jambo linalonishughulisha mimi ni dogo kuliko hayo, nalo lilitokea ndani ya nyumba: bomba lilikauka, lakini jiko halikuzima. Mwenye nyumba aliyekosa maji ya kuoga bado aliweza kupika ubwabwa wake. Tofauti hiyo inastahili kuchambuliwa, kwa sababu ndani yake mna kanuni yote ya kuiwezesha nyumba kuvuka siku za kukatika umeme.

Tuanze na maji. Unguja haina mto wa kulisha mji. Maji yake yamo ardhini, kwenye visima virefu na mapango ya miamba ya matumbawe, na ili yafike bombani lazima yapandishwe. Kazi hiyo imeachiwa pampu za umeme. Kebo ikifa, pampu zinakufa pamoja nayo. Matangi yanaisha, kisha watu wanarudi kwenye visima vya kamba na ndoo na kwenye foleni za madumu popote palipo na jenereta.

Moto ulikuwa na habari nyingine. Mwanaanthropolojia Tanja Winther wa Norway, aliyefanya utafiti wake katika kijiji cha Uroa na kuchapisha kitabu mwaka 2008, alionyesha kwamba umeme ulikuwa umeingia majumbani kwa taa, televisheni na friji, lakini jikoni haukukaribishwa sana. Watu walipikia kuni na mkaa. Wapo walioona hilo kama dalili ya kuchelewa. Kwa miezi ile mitatu ndilo lililoinusuru nyumba, maana chakula kilipikika na maji ya kisima yaliweza kuchemshwa kabla ya kunywewa.

Ukirudi nyuma zaidi, utakuta mji wenyewe uliwahi kuwa na vyote viwili pasipo waya hata mmoja. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu mpaka mjini, yakitelemka kwa uzito wake yenyewe. Wakati wake ndipo yalipojengwa mabafu ya Hamamni, ambako maji yalipashwa kwa moto wa kuni. Mteremko ulisafirisha maji, kuni zikatoa joto, na kila kazi ilipewa nguvu inayoifaa.

Sasa tupige hesabu, kwani hapa ndipo watu wengi wanapopotea wanaponunua betri na jenereta. Kuinua lita 1,000 za maji kimo cha mita 10 kunahitaji wati-saa 27 tu. Pampu ndogo hupoteza nguvu nyingi, kwa hiyo tuseme inakula wati-saa 90. Huo ni umeme wa balbu ya wati 10 inayowaka kwa saa tisa, kwa tangi zima. Linganisha na kuchemsha: lita 10 tu, kutoka nyuzijoto 27 hadi 100, zinahitaji wati-saa 850 kabla ya kuhesabu kinachopotea. Kwa maneno mengine, umeme unaochemsha lita moja unaweza kupandisha karibu lita 900 darini. Maji ni mepesi kwa umeme. Moto ni mzito. Anayeweka betri ili imwendeshee birika na hita ya kuogea anaitwisha betri mzigo ambao mkaa, gesi au jua vingeubeba kwa bei ndogo. Na anayekosa maji kwa sababu hana jenereta kubwa anateseka bila sababu.

Tatizo la pampu liko mwanzoni, wakati wa kuwaka. Mota ya kawaida ya nusu farasi ikisha kuzunguka huvuta wati mia tano au mia sita hivi. Lakini katika nukta ile ya kwanza huvuta mara nne hadi sita ya hapo. Ndiyo maana jenereta ndogo ya wati 650, ambayo kwa hesabu ya karatasi ingetosha, hukoroma kidogo kisha huzimika pampu inapowashwa, na mwenye nyumba hudhani ameuziwa kitu kibovu. Mafundi hutatua hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua jenereta kubwa, na matokeo yake ni kuchoma petroli ya wati elfu tatu kwa kazi ya mia tano. Ya pili, ambayo mimi naiona bora, ni kuweka pampu ndogo ya umeme wa moja kwa moja inayolishwa na paneli za jua. Pampu hiyo huanza polepole, haina ule mshtuko wa kuwaka, na hufanya kazi mchana kutwa bila kusimamiwa.

Upole huo una faida nyingine kwa mtu wa kisiwani. Maji baridi ya Unguja yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba. Kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Ukivuta kwa nguvu na kwa haraka, maji ya chumvi hupanda kujaza nafasi. Mwenye jenereta huvuta kwa haraka kwa sababu petroli inaungua, na kisima kilicho karibu na pwani kikivutwa hivyo siku baada ya siku huharibika. Pampu ya jua inayotoa lita chache kwa dakika kwa saa sita hukiacha kisima kipumue.

Kumbuka pia kwamba pampu iliyokaa juu ya ardhi haiwezi kunyonya maji yaliyo chini zaidi ya mita saba hivi. Kisima kirefu kuliko hapo kinataka pampu ya kuzamishwa, hata iwe ndogo namna gani.

Baada ya hapo kinachobaki ni tangi, nalo ndilo betri ya kweli ya nyumba. Familia ya watu sita wakijibana kwa lita 20 kila mmoja hutumia lita 120 kwa siku. Tangi la lita 1,000 huwavusha siku nane. Tangi likiwa mita nne juu ya bomba, shinikizo lake ni dogo, lakini linatosha kujaza ndoo, choo na sinki. Hita ya kuogea ya papo kwa papo huenda isiwake, na si hasara, kwani haina umeme hata hivyo. Jambo ambalo ningemsihi kila anayejenga alidai kwa fundi bomba wake ni matoleo mawili kwenye tangi. Bomba la choo, bafu na kufulia litoke theluthi ya kimo kutoka chini. Bomba la jikoni litoke karibu na kitako, likiachwa sentimita chache juu ya tope. Choo kikikauka, familia inajua kwamba zimebaki lita mia tatu za kupikia na kunywa, na hakuna mtoto atakayezimaliza kwa kusahau bomba wazi. Nyongeza hiyo haihitaji zaidi ya kipande cha bomba na viungo vyake. Jukwaa nalo liwe imara: lita 1,000 ni tani nzima, na dari nyingi hazikujengwa kwa hilo.

Kuhusu moto, mengi yanajulikana kila nyumba, ila mambo mawili yanasahaulika. Kuua vijidudu vya maji ya kunywa hakudai mchemko. Nyuzijoto 65 zikidumu dakika chache zinatosha. Tunaambiwa tuchemshe kwa sababu mapovu ni alama ambayo kila mtu anaiona bila kipimajoto. Maana yake maji yakianza kububujika yatolewe mara moja, kwani kila dakika ya ziada ni mkaa unaoteketea bure. Na maji yasiyo na tope yanaweza kutibiwa kwa jua tupu, ndani ya chupa safi za plastiki angavu zilizolazwa juani saa sita.

La pili ni hatari. Mkaa na jenereta vyote hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Jiko la mkaa lisilale chumbani, na jenereta isikae ukumbini wala chini ya dirisha. Jenereta ikiunganishwa na nyumba, pawe na swichi ya kugeuzia inayotenga kabisa nyaya za mtaani, la sivyo fundi wa shirika la umeme aliye juu ya nguzo atapokea umeme ambao hakuutarajia.

Kebo mpya ya megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013, na Unguja haitegemei tena ile ya 1980 peke yake. Wakati huo huo serikali ya Tanzania inahimiza nishati safi ya kupikia, kwa lengo la kufikia asilimia 80 ya watu ifikapo 2034, na jiko la umeme la mgandamizo ni sehemu ya safari hiyo. Naiunga mkono kwa moyo wote. Moshi wa kuni umewaumiza mama zetu vya kutosha. Lakini jikoni kunahamia kwenye waya ule ule uliobeba pampu, na nyumba inayohama hivyo ibakize mtungi wa gesi wenye ujazo wa kutosha wiki mbili, pembeni ya jiko jipya, ukiwa umefungwa rigileta na kujaribiwa.