Mkeka wa Vitabu Banissa: Tuuze Nini, na Mtunzi Mwenyeji ni Nani?

Mwalimu mwenzangu, tuanze na jambo la kubuni ambalo si gumu kulitenda. Ni siku ya soko Banissa, magharibi mwa Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Uhabeshi. Mtu ametandika mkeka chini ya mti, pembeni mwa wauza mitumba na kina mama wa maziwa ya ngamia, akapanga juu yake vitabu 40 au 50. Jioni ataukunja mkeka aende zake. Wiki ijayo atautandika penye lango la shule. Kila anaporudi anamwalika mtunzi wa pale pale azungumze na wasomaji, na kila anayesimama kutazama anaambiwa, "Wewe jaribu hiki." Hapa tutaliita duka la mkeka. Hatunuii kueleza namna ya kupata mtaji wake. Tunanuia kuuliza swali la kihakiki: ni vitabu gani vya Kiswahili vinavyostahili kukaa juu ya mkeka huo, na huyo mtunzi wa pale pale ni nani hasa?

Usidhani swali hili ni la anasa. Unakumbuka kwamba Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilishambuliwa na abiria 28 wakauawa, walimu wakiwamo. Unakumbuka pia kwamba mwaka wa 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za Kaskazini Mashariki. Hakuna anayeweza kumlaumu mwalimu aliyeondoka kuokoa roho yake. Hata hivyo, aliyebaki nyuma ni mwanafunzi mwenye riwaya mkononi na Karatasi ya Tatu mbele yake, bila mtu wa kumwuliza kwa nini mhusika fulani ametenda hivi badala ya vile. Mahali kama hapo muuza vitabu anayejua alichokisoma huwa, apende asipende, mhakiki wa kwanza anayekutana na msomaji.

Mfano wa karibu tulio nao ni ule wa ngamia. Mwaka wa 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa, ili jamii za wafugaji ambao gari haliwafikii wapate kuazima. Masanduku hufungwa ubavuni mwa mnyama, hema husimikwa, mkeka hutandikwa, watoto huketi wakasoma. Wazo ni lile lile: kitabu kimfuate msomaji. Ajabu ni kwamba riwaya inayojulikana zaidi kuhusu jambo hili la kwetu haikuandikwa kwa Kiswahili wala kwa Kisomali. Iliandikwa kwa Kiingereza na Mmarekani, Masha Hamilton, ikachapishwa mwaka wa 2007 kwa jina The Camel Bookmobile. Mhusika wake mkuu, Fiona Sweeney, ni mkutubi anayetoka New York kuja kuhudumu katika maktaba ya ngamia. Katika kijiji cha kubuni cha Mididima kijana mmoja mwenye kovu usoni harudishi vitabu alivyoazima, na kwa kuwa sharti ni kwamba kijiji kisichorudisha hakitembelewi tena, kijiji kizima kinaingia katika mzozo.

Haifai kumbeza Hamilton. Mwandishi huyu hakuandika sifa tupu za msaada. Anaruhusu wazee wa Mididima waulize kama vitabu hivi havitawaondolea vijana wao, na haoni haya kumwonyesha mgeni wake akiwa hajui alichokivuruga. Shaka yetu iko kwingine. Mgogoro wa riwaya umejengwa juu ya upinzani wa kitabu na mapokeo, kana kwamba maandishi ndiyo yanafika mara ya kwanza juu ya mgongo wa ngamia. Wewe uliyefundisha Kaskazini Mashariki unajua kwamba mtoto wa huko huanza na duksi kabla ya shule. Ameshika loho, ameandika kwa wino wa mkaa, ameosha, ameandika tena. Maandishi anayajua, tena anayaheshimu kuliko mtoto wa mjini aliyezoea kufungia karanga kwa kurasa za daftari. Asichokiona ni kitabu cha hadithi kinachomhusu.

Iweke riwaya hiyo kando ya nyingine, Aqoondarro waa u Nacab Jacayl ya Faarax M. J. Cawl, iliyotoka mwaka wa 1974, miaka miwili tu baada ya Kisomali kupewa rasmi hati za Kilatini. Mle msichana Cawrala anamwandikia Calimaax barua ya mapenzi, na Calimaax hajui kusoma. Msiba mzima unatokana na karatasi moja iliyofika kwa mtu asiyeweza kuifungua maana yake. Hapo kutojua kusoma ni adui, kama jina la riwaya linavyosema, ilhali masimulizi yenyewe yamejaa mashairi ya kukaririwa. Cawl haoni haja ya kuchagua kati ya barua na shairi la mdomoni. Naam, hapo ndipo mkeka wetu unapaswa kuanzia, na nakala ya riwaya hiyo, ikipatikana, iwekwe katikati ya mkeka hata kama si ya Kiswahili.

Sasa tuje kwenye vitabu vyetu. Tukiwa wakweli, duka dogo la vitabu katika mji mdogo wa Kenya huuza nini? Huuza madaftari, kalamu na miongozo. Mwaka wa 2013 Sheria ya VAT iliviweka vitabu chini ya ushuru wa asilimia 16, na mwaka wa 2018 serikali ilipoanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, muuza vitabu wa mji mdogo alipoteza mnunuzi wake mkuu. Kilichobaki kumlisha ni mwongozo. Mwongozo humwambia mwanafunzi dhamira ni hizi, wahusika ni hawa, mbinu za uandishi ni hizi na mifano yake ni hii, naye anakariri bila kuwahi kusoma ukurasa wa riwaya yenyewe. Sisi walimu tunawalaumu wachapishaji, lakini wengi wetu tumesimama mbele ya darasa na mwongozo mkononi. Mwongozo usikanyage mkeka. Najua kwamba mwenye duka atakosa mauzo ya haraka. Ila duka linalopendekeza mwongozo halijapendekeza kitabu.

Mapendekezo ya kweli humzingatia anayepewa. Mwanafunzi wa Banissa aweza kuwa ametoka nyumbani akizungumza Kigarre, Kiborana au Kisomali, duksi ikampa Kiarabu, shule ikampa Kiingereza, na Kiswahili kikaja katikati ya hayo yote. Kwa msomaji huyo ningeanza na hadithi fupi, inayosomwa ikaisha kabla jua halijachwea. Na katika hadithi fupi ningeanza na ile iliyoipa jina diwani ya Tumbo Lisiloshiba, iliyotungwa na Said Ahmed Mohamed. Katika mtaa duni wa Madongoporomoka, Mzee Mago na wenzake wanahofia kunyang'anywa ardhi. Jitu linaingia katika mkahawa wake, linaagiza chakula, linakila chote, na bado linataka zaidi. Vijana wengi tuliowafundisha huandika kwamba jitu "linaashiria ubepari" na kuishia hapo, kwa sababu mwongozo umesema hivyo.

Jaribu njia nyingine juu ya mkeka. Waulize wasomaji waliolelewa kwa Kisomali wakusimulie habari za Dhegdheer, yule mwanamke mla watu mwenye sikio refu linalosikia kutoka mbali. Hakuna atakayekosa la kusema. Wanaotoka nyumba za Kiborana nao waulizwe zimwi lao ni lipi. Halafu usome kwa sauti jinsi jitu linavyokula kwa Mzee Mago. Mara moja watasikia kwamba mwandishi wa Zanzibar amechukua zimwi la ngano, akalivika nguo za mjini na kuliketisha mkahawani. Tofauti nayo itajitokeza bila kulazimishwa: Dhegdheer hufa na nchi ikapumua, ilhali jitu la Said Ahmed Mohamed halifi. Swali la kwa nini halifi ni kubwa kuliko swali la jitu linaashiria nini, na mtoto wa Banissa ana haki ya kulijibu kwa hoja zake, kwa kuwa yeye ndiye anayelijua zimwi la kwanza.

Kitabu cha pili ni Kufa Kuzikana cha Ken Walibora, cha mwaka wa 2003. Walibora, aliyefariki Aprili 2020, alizungumzia humo chuki ya kikabila kwa kubuni nchi na kubuni makabila, akaweka urafiki wa vijana wawili katikati ya uhasama wa watu wao. Wapo wahakiki wanaoona kwamba kubuni majina ni woga wa mwandishi. Nakubali kwamba Nairobi au Nakuru, msomaji anaweza kumtaka mwandishi ayataje makabila kwa majina. Lakini fikiria mkeka wetu. Kati ya mwaka wa 2012 na 2014 mapigano ya koo katika maeneo ya Mandera na Wajir yaliua watu na kuwahamisha maelfu. Koo hizo sitazitaja, kwa sababu ile ile iliyomfanya Walibora abuni. Vijana wa pande zote mbili huenda wakasimama mbele ya mkeka mmoja. Majina ya kubuni yanawapa mahali pa kusimamia. Wanaweza kumhukumu mhusika bila kumhukumu mjomba wa aliye karibu yao. Kile ambacho kwingine ni udhaifu wa fani, hapa ndicho kinachoruhusu mjadala uwepo. Uhakiki usiouliza kitabu kinasomewa wapi huwa umesahau nusu ya kazi yake.

Siku Njema ya mwandishi huyo huyo ningeiuza kwa tahadhari. Safari ya Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake itampendeza yeyote aliyekulia kwa watu wanaohama. Kwa upande mwingine, Walibora alikuwa na furaha ya kijana aliyegundua ghala la misemo, na mara nyingine aliifungua milango yote kwa pamoja. Msomaji wetu atakwama. Ningempa na kamusi, au ningemwambia aruke na kuendelea, jambo ambalo walimu hatupendi kulisema.

Utaona kwamba katika vitabu hivi vya Kiswahili nilivyovitaja hakuna hata kimoja ambacho mandhari yake ni Kaskazini Mashariki. Hakuna kisima cha mifugo, hakuna mwaka wa ukame, hakuna kizuizi cha polisi barabarani ambapo kijana anaombwa kitambulisho mara tatu kwa siku moja. Hii ndiyo sababu swali la mtunzi mwenyeji haliwezi kuachwa liwe pambo la ratiba. Mialiko ya namna hii si ndoto: Hargeysa wamekuwa na maonyesho ya vitabu ya kimataifa tangu mwaka wa 2008, na Mogadishu tangu 2015, na mle washairi wanaoghani hukaa jukwaa moja na waliochapishwa. Kwa hivyo Banissa nako tusisubiri mtu mwenye kitabu chenye jina lake jaladani. Mtunzi wa pale ni mzee anayetunga gabay, au mama anayetunga buraanbur za harusi.

Mwalimu wa ushairi atafaidi zaidi ya wote siku hiyo. Sisi tumezoea kufundisha vina vya kati na vya mwisho, tukaviita sikio la shairi. Katika gabay sikio liko mwanzoni mwa neno. Mtunzi huchagua sauti moja, tuseme D, na kila kipande cha kila mshororo lazima kiwe na neno linaloanza kwa sauti hiyo, tangu mwanzo hadi tamati. Akichagua irabu, irabu zote huhesabiwa kuwa jamii moja. Mwanafunzi aliyelisikia hilo nyumbani hahitaji kuambiwa arudhi ni nini. Anahitaji kuonyeshwa kwamba watu wa pwani waliweka sharti lao mahali pengine pa mshororo. Baada ya hapo mpe kazi: atunge ubeti wa Kiswahili unaotii masharti ya kina babu zake na yale ya shairi la mizani nane kwa nane kwa wakati mmoja. Wengi watashindwa. Kushindwa huko kutawafunza mizani kuliko ubao uliojaa.

Limebaki jambo moja linalohusu haki. Katika Kidagaa Kimemwozea, Amani anaandika mswada, na Mwalimu Majisifu anauiba na kuuchapisha kama wake. Vitabu vyote nilivyovitaja ningeviweka juu ya mkeka kwa ajili ya wanafunzi. Hiki ningekiweka kwa ajili yetu sisi. Mzee atakapoghani chini ya mti, mmoja wetu atakuwa na simu inayorekodi, na mwaka ujao shairi litaonekana katika mtihani wa majaribio wa shule fulani likiwa limetafsiriwa, chini yake pameandikwa "Shairi la Kisomali". Nimewahi kuona karatasi ya namna hiyo, na nilifundisha nayo bila kuuliza. Kwa hiyo kabla mzee hajaanza, mwenye mkeka amwombe ruhusa ya kurekodi, aandike jina lake, la babake na la babuye kama wenyeji wanavyotaja majina, aandike tarehe na mahali, na karatasi hiyo iwekwe juu ya mkeka pamoja na vitabu vingine, ikiwa na bei ambayo mzee mwenyewe ameitaja.