Andalio la Somo la Kidato cha Kwanza

Shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza, lugha hugeuka kuwa Kiingereza. Anayestahili pongezi ni mwalimu anayeliona pengo hilo mapema, angali anaandika andalio la somo. Wa baiolojia, kwa mfano, akijiandaa kufundisha usanisinuru huteua istilahi chache tu, hupanga kuchora jani ubaoni na kuandika jina la kila sehemu, kisha hutunga mianzo ya sentensi ambazo wanafunzi watazikamilisha wawili wawili. Hoja hujadiliwa kwanza kwa Kiswahili (si dhambi hata kidogo), jibu huandikwa kwa Kiingereza. Maandalizi hayo mara nyingi hufanyika usiku, madaftari yakishasahihishwa. Wakuu wa shule wawapunguzie walimu hawa vipindi.