Makapi ya Rivest

Machi 1998 Ronald Rivest wa MIT, mmoja wa wale watatu walioubuni mfumo wa usimbaji wa RSA, alitoa makala kuhusu kulinda siri ya ujumbe bila usimbaji fiche. Wengi waliisoma kama hesabu. Kwangu ni utetezi wa wakili, tena uliopangwa kijanja.

Mbinu yenyewe ni ya kupepeta. Mtumaji wa mfano, Alice, anaukata ujumbe vipande, kila kimoja anakipa namba na alama ya uthibitisho itokanayo na ufunguo wanaoujua yeye na mpokeaji wake Bob tu. Maneno hayafichwi. Kisha vinachanganywa vipande vya uongo vyenye alama za kubahatisha. Bob anakagua alama, anapeperusha makapi, anabaki na ngano. Mfano aliouchagua Rivest ni barua mbili za wapenzi zilizoingiliana: Alice kwa Bob, na Susan fulani kwa Larry, kila moja na saa yake. Huo si utani wa kupitisha muda. Mdukuzi anasoma kila neno, ila hajui lipi aliamini.

Makali yenyewe anayaleta mtu wa tatu, Charles. Huyu hana ufunguo, lakini anaweza kumwaga makapi kwenye ujumbe wa Alice, pengine Alice mwenyewe hana habari. Mmoja amethibitisha, mwingine ameongeza takataka. Siri imezaliwa, mzazi haonekani. Wakati huo sheria za Marekani zilibana uuzaji wa usimbaji nje ya nchi, zikaviachia vyombo vya uthibitisho. FBI nayo ilitaka njia ya kuzifikia funguo. Hoja ya sheria inakuja msomaji akiwa ameshakubali kila hatua: serikali ikitaka kusoma, itabidi ichukue ufunguo wa uthibitisho, na mwenye ufunguo huo anaweza kughushi kwa jina la Alice.

Lakini barua za mapenzi zinabeba mzigo mzito kuliko uwezo wake. Mdukuzi makini huunganisha maneno yanayooana, kwa hiyo usalama wa kweli unadai vipande vya biti moja moja, au ujumbe uvurugwe wote kwanza. Mihir Bellare na Alexandra Boldyreva, mwaka 2000, waliichambua mbinu hii kama mfumo wa usimbaji, na sishangai. Nani hukata barua biti kwa biti ili kuithibitisha tu? Hapo Alice hawezi tena kusema hakujua Charles anafanya nini.