Ngozi Kavu na Kosa la Kuanza na Asidi

Katika utaratibu wa kutunza uso unaofuatwa siku hizi kutoka Bujumbura hadi Rumonge na Nyanza-Lac, hatua inayoharibu kazi yote ni ile ya kwanza: ngozi kavu na nyeti inaanzishiwa asidi ya glaikoliki ya asilimia 10, tena katikati ya kiangazi. Uamuzi huo si sahihi, na hakuna krimu ya gharama inayoweza kuufidia. Hatua zinazofuata ni nzuri: retinoli hupakwa usiku, losheni yenye gliserini ipo, na krimu ya kuzuia jua ipo.

Chanzo cha kosa ni kuisoma ngozi vibaya. Uso mweusi uliokauka hupauka, na ule ukijivu hudhaniwa kuwa ni rundo la seli zilizokufa linalosubiri kuondolewa. Ukweli ni kinyume. Seli za juu hubanduka zenyewe kila siku, kwa kazi ya vimeng'enya vinavyokata viungo kati yao, na vimeng'enya hivyo vinahitaji maji ili vifanye kazi. Ngozi ikikosa maji, seli hubaki zimening'inia. Dawa yake ni kurudisha maji na kuyazuia yasitoke. Anayemwaga asidi juu ya ukavu huo anatibu dalili na kuacha ugonjwa ukiendelea.

Tabaka la juu la ngozi limejengwa kama ukuta: seli ni matofali, na seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta ndizo saruji. Katika ngozi kavu na nyeti saruji hiyo imepungua na ukuta una nyufa. Molekuli ya glaikoliki ndiyo ndogo kuliko zote katika kundi lake, uzito wake ni 76 tu, hivyo hupenya haraka hata kwenye ngozi nzima. Kwenye ukuta wenye nyufa hushuka kwa kasi isiyo sawa, sehemu moja ikaungua na nyingine isiguswe. Jopo la Marekani linalopima usalama wa viungo vya vipodozi lilihitimisha katika ripoti yake ya mwaka 1998 kwamba bidhaa za nyumbani za asidi za aina hii zisizidi asilimia 10, pH isishuke chini ya 3.5, na mtumiaji akingwe na jua. Kwa maana hiyo, chupa ya asilimia 10 imefika ukomo uliowekwa kwa kila mtu. Kumpa mwenye ngozi nyeti kipimo cha ukomo siku ya kwanza ni kukosa uangalifu.

Msimu nao unaongeza uzito. Rumonge iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, na uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Septemba mawingu ni machache na hewa ni kavu. Majaribio yaliyotegemewa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani yalionyesha kuwa wiki nne za glaikoliki ya asilimia 10 ziliongeza wekundu wa ngozi unaotokana na jua kwa asilimia 18, na madhara ndani ya seli yalikaribia kuwa mara mbili. Ngozi ilirejea hali yake ndani ya wiki moja baada ya kuacha. Mtu anayeshinda sokoni au mwaloni akisubiri ndagala hana kivuli cha kumwokoa.

Dalili za ukuta uliovunjika zinaonekana kwa macho. Baada ya kunawa, ngozi huvuta kabla taulo halijakauka. Pembe za mdomo na kando ya pua hutoka magamba membamba meupe. Paji la uso hung'aa kama limepakwa mafuta, ilhali ukiligusa ni kavu. Kisha losheni ya kawaida, isiyowahi kuwasha, inawasha. Hapo asidi na skrabu ya sukari vinapaswa kusimama siku hiyohiyo. Kinachofanyika mara nyingi ni kuongeza vyote viwili, kwa imani kwamba kuwasha ni ishara ya dawa kufanya kazi.

Kwa ngozi nyeusi gharama ya kuungua ni alama. Kila mkereketo huiamsha melanini, na mkereketo wa wiki moja huweza kuacha doa la miezi. Doa hilo ndilo mlango wa mkorogo, yaani michanganyiko ya kujichubua. Mwaka 1975 Kligman na Willis walichapisha mchanganyiko wa haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1 na deksamethasoni asilimia 0.1, dawa ya madoa iliyohitaji jicho la daktari. Michanganyiko ya jamii hiyo leo inauzwa mezani kama mafuta ya kila siku, na steroidi zake huipunguza unene ngozi ambayo mnunuzi alitaka kuikinga na uzee. Zebaki nayo haijaisha, ingawa Mkataba wa Minamata ulipiga marufuku vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 kwa kilo kuanzia 2020. Aliyeunguzwa na asidi anaweza kuishia kwenye mkorogo huo.

Sabuni ni lawama ya zamani ambayo bado haijasikilizwa. Rumonge, mji wa michikichi, una sabuni nzuri ya mawese kwa nguo na vyombo, lakini sabuni ya kipande ina pH ya 9 hadi 10, wakati uso una pH ya karibu 5. Kunawa nayo asubuhi na jioni kisha kulaumu umri kwa makunyanzi si haki. Mawese yenyewe hayafai kupakwa usoni penye mwasho: karibu asilimia 40 ya mafuta yake ni asidi ya oleiki, ambayo hulegeza saruji ya ngozi.

Waanzilishi walikuwa waangalifu zaidi. Van Scott na Yu, katika kazi yao ya 1974, walizipeleka asidi hizi kwa wagonjwa wenye magamba mazito ya ngozi, si kwa mtu aliyepauka kwa upepo. Baadaye wao wenyewe walitafuta zilizo pole zaidi, kama glukonolaktoni. Na Burundi ya zamani, iliyopaka mwili siagi ya ng'ombe, ilitanguliza mafuta, utaratibu ulio bora kuliko wa chupa za leo.

Mpangilio unaofaa ni huu. Wiki nne za mwanzo: kisafishaji kisicho na sabuni, jioni tu, losheni yenye gliserini na seramidi, au yurea asilimia 5, ngozi ikiwa bado mbichi, mafuta ya mgando kidogo juu yake, krimu ya jua kila asubuhi. Losheni isipowasha tena, asidi ya laktiki ya asilimia 5 au glukonolaktoni huingia usiku mmoja kwa wiki. Laktiki ina faida ya ziada: utafiti wa 1996 ulionyesha kuwa huongeza seramidi. Retinoli hufuata mwishoni, usiku mwingine, isizidi asilimia 0.3, kiwango ambacho Umoja wa Ulaya umeweka kwa uso tangu sheria yake ya 2024. Mjamzito haitumii kabisa. Skrabu ya chembechembe haina nafasi katika orodha hii.

Mwenye fedha ya chupa moja tu kiangazi hiki anunue losheni. Asidi isubiri mvua.