Mudawwana na Mpaka wa Swali

 

Ndugu msomaji, wengi wetu katika mwambao huu tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii, na kwa hivyo Mudawwana tunaijua kwa jina tu. Ni kitabu kikubwa cha Kimaliki kilichojengwa kwa maswali na majibu. Muulizaji ni Sahnun wa Kairawani (aliyefariki mwaka 240 Hijria, sawa na 854 Miladia), na mjibuji ni Ibnul-Qasim, mwanafunzi wa Imamu Malik kule Misri. Mimi nitakitazama kwa upande mmoja: je, swali liishie wapi, na mjadala uanzie wapi?

Asili ya kitabu hiki ni safari ya Asad bin al-Furat. Alitoka Kairawani kwenda Madina kusoma kwa Imamu Malik. Waandishi wa tarjama, akiwemo Kadhi Iyadh, wanasimulia kwamba kila akijibiwa, wanafunzi wenzake walimsukuma aongeze: na ikiwa hivi je? Na ikiwa vile? Imamu akachoka na maswali yanayozaa maswali, akamwambia kwamba anayetaka hayo njia yake ni Iraki.

Wapo wanaoisoma habari hii kuwa Malik alifunga mlango wa fikra. Sioni hivyo. Hakusema kwamba jambo lile ni haramu. Alimwonyesha mahali pake. Na kweli Asad alikwenda Iraki kwa Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Huko alilalamika kwamba yeye ni mgeni, na darsa ina watu wengi. Al-Shaybani akamwambia asikilize mchana pamoja na wenzake, na usiku atampa peke yake. Akawa humsomesha usiku huku ameweka chombo cha maji, na Asad akisinzia humnyunyizia usoni! Mchana wa wote, usiku wa mwenye kiu zaidi. Wala hakuna aliyedhulumiwa.

Mpangilio huu ndio tulioupoteza. Katika vikao vya maswali baada ya darsa za Ramadhani, mama huuliza namna ya kulipa siku alizokula kwa sababu ya kunyonyesha. Kabla hajajibiwa, mmoja anazusha suala la kuandama kwa mwezi, kama tufuate wa hapa au wa popote, na jioni yote inaishia hapo. Suala la mwezi ni zito, lina dalili kila upande na linastahili kikao chake. Lakini mama yule anarudi nyumbani na deni lake la saumu, hajui ni kadha peke yake au kadha na fidia. Hiyo ni haki ya mtu iliyopotea.

Pengine utasema: mbona Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kutawadha kwa maji ya bahari aliongeza hukumu ya mfu wa baharini? Naam, na Bukhari ana mlango mzima juu ya anayemjibu muulizaji zaidi ya alichouliza. Lakini tazama nyongeza ile ni ya nani. Ni ya muulizaji mwenyewe: msafiri wa chomboni anayeogopa kuishiwa na maji kesho ataishiwa na chakula. Tena ilikuja baada ya jibu, haikukaa mahali pake.

Tukirudi kwenye kitabu: Asad alichukua masuala ya Kiiraki akamwuliza Ibnul-Qasim yajibiwe kwa madhehebu ya Malik, ikatoka Asadiyya. Kisha Sahnun akaipeleka tena kwa Ibnul-Qasim, ikasahihishwa. Uzuri wake mkubwa ni uaminifu. Ibnul-Qasim hutenganisha alichokisikia kwa Malik na anachokiona mwenyewe, na pasipo na kauli ya Malik husema kwamba hakusikia kitu.

Ila kuna upungufu, na sioni haya kuutaja. Maswali ni ya Iraki, lakini mabishano yaliyoyazaa yamebaki Iraki. Sahnun aliongeza hadithi na athari katika milango mingi, lakini hoja ya mpinzani mara nyingi huioni. Msomaji anapata hukumu safi bila ya kujua ilishindana na nini, na akizoea hivyo, hudhani kwamba hapakuwa na mshindani. Ndiyo maana Ibn Rushd babu (aliyefariki mwaka 520 Hijria, 1126 Miladia) alihitaji kuitungia Mudawwana utangulizi wa kufungua misingi ya masuala yake, na mjukuu wake katika Bidayatul-Mujtahid akaeleza sababu za khitilafu za maimamu. Mwanafunzi anayeanza asome Mudawwana mlango mmoja mmoja, na mlango ukishaeleweka ndipo afungue Bidaya mahali pale pale.

Wallahu aalam.