Nani Atakuzika?

Mamangu huniuliza swali hili kila Disemba nikienda ushago. Haulizi kwa ubaya. Ananimiminia chai, anatazama mlangoni, kisha: "Na wewe, nani atakuzika?" Nina miaka 34 na nimeamua sitazaa. Jibu langu siku zote lilikuwa kicheko. Disemba iliyopita nilibeba riwaya.

The Joys of Motherhood ya Buchi Emecheta ilitoka 1979. Nnu Ego, Mwigbo aliyeolewa Lagos, anafiwa na mtoto wake wa kwanza na kukimbilia darajani ajirushe majini. Anaokolewa. Baadaye anajaliwa watoto kadhaa, anauza sigara na kuni kuwalea, wavulana wawili wanaishia Marekani na Kanada. Anakufa usiku kando ya barabara, peke yake. Ndipo anafanyiwa mazishi ya kukata na shoka, na hata anajengewa mahali pa kuombwa uzazi. Waombaji hawapati kitu.

Sisi tusiotaka watoto hukirusha kitabu hiki kama jiwe kwenye mabishano: si mmeona, watoto hawasaidii! Nadhani tunakisoma vibaya. Emecheta mwenyewe alizaa watano. Hana shida na watoto, ana shida na hesabu: mama awekeze, watoto walipe. Na mimi nikisema "watoto ni gharama", si napiga hesabu ileile, tu nikianzia upande wa pili?

Kinachoniudhi ni kwamba Nnu Ego anapata kusema hapana akiwa kaburini tu. Adaku, mke mwenza anayeondoka na binti zake wawili kujitafutia maisha, ndiye niliyetaka kumfuata, lakini riwaya inamwacha njiani. Mwanamke anayekataa akiwa hai, na bado anaalikwa mezani, sikumpata humo.

Nilimsimulia mamangu hadithi yote jikoni. Nilingoja aseme hizo ni mambo za vitabu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwani huyo mama hakuwa na marafiki?"

Nikamwambia hakuwahi kupata nafasi ya kuwatafuta. Alikuwa akilea. Emecheta anaisema wazi palepale barabarani, na nilikuwa nimeipita mbio nikitafuta jiwe langu.

Siku hiyo mamangu hakuuliza tena nani atanizika. Aliuliza marafiki zangu wanaitwa nani.